Neno “phalanx” kwenye barua ya wapangaji: lilikosea wapi?

“Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa wapangaji wa jengo moja hapa Kariakoo, tunauza vitenge na mashuka. Tupo wapangaji 34. Mwenye jengo ametupandishia kodi ya fremu kwa mkupuo, na kampuni inayomsimamia inataka tuwaandikie kwa Kiingereza. Wenzangu wakanisukumia mimi kwa vile nilimaliza kidato cha nne na huwa nasoma magazeti ya Kiingereza. Kuna neno nililiona kwenye habari ya kesi ya ng’ambo, ‘a phalanx of lawyers’. Nikaangalia kwenye simu, nikaona maana yake ni watu walioungana kupinga au kuzuia jambo. Nikalipenda. Nikaandika: ‘We are a phalanx of tenants against the new rent.’ Tukasaini watu 31. Jibu lilipokuja, wakili wao ameandika ‘your so-called phalanx’. Binti yangu wa kidato cha sita, anasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akacheka, akasema phalanx ni mfupa wa kidole. Nimeona aibu sana. Nilikosea wapi? Neno rasmi la watu waliosimama pamoja kupinga jambo ni lipi? Nina miaka 44, nikikariri maneno usiku asubuhi yamepotea, na herufi zenyewe siku hizi zinacheza. Kuna kijana ananiuzia kijitabu cha kwenye simu chenye maneno 1,000 ya Kiingereza kizito, shilingi 15,000. Ninunue?”

Marahaba, dada katibu. Pole kwa kuchekwa, na hongera kwa kuibeba kazi ambayo wenzako wote waliikwepa. Swali lako lina mengi ndani. Nitakaa zaidi kwenye neno lenyewe kwa sababu huko ndiko kwenye kiini cha yaliyokupata, kisha nitakuja kwenye kukariri, macho, na huyo kijana wa kijitabu.

Nikutoe wasiwasi mapema: sentensi yako haina kosa la sarufi. Maana uliyoikuta kwenye simu nayo ni ya kweli. Phalanx ni kundi la watu walioshikamana, mara nyingi ili kumkabili au kumzuia mtu. Binti yako pia hajakosea. Kilichokuponza ni kwamba neno hili lina upande linaposimama, na wewe umelitumia ukiwa upande mwingine.

Hilo la “so-called” naona ndilo lililokuchoma. Ni kijembe, kwa lugha ya mtaani ni sawa na “hicho mnachokiita”. Wakili alikuta neno la kivita kwenye barua ya wauza vitenge, akalidaka, akawarudishia likiwa limepindishwa. Analipwa kwa kazi hiyo. Kijembe chake hakithibitishi kwamba hujui Kiingereza. Kinaonyesha tu kwamba barua ilimpa pa kushika, na barua nzuri ya madai haimpi wakili wa upande wa pili pa kushika.

Sasa mifupa. Daktari akiangalia picha ya eksirei ya mkono, ile mifupa midogo ya vidole anaiita hivyo hivyo: mmoja ni phalanx, ikiwa mingi ni phalanges. Kila mkono unayo 14: miwili kwenye kidole gumba, na mitatu mitatu kwenye vidole vinne vilivyobaki. Kiswahili kinasema pingili, jina lile lile la muwa. Waliotoa jina la Kigiriki waliiona mifupa hiyo imejipanga safu nyuma ya safu, wakaazima jina la kikosi cha askari waliojipanga hivyo. Kwa hiyo askari ndio waliotangulia, mifupa ikafuata. Mwambie binti yako hivyo leo jioni, itamsaidia hata kwenye mtihani.

Askari wenyewe walikuwa Wagiriki wa kale, miaka kama 2,500 iliyopita. Wengi wao hawakuwa wanajeshi wa kuajiriwa. Walikuwa wakulima na mafundi wenye uwezo wa kujinunulia silaha. Kila mmoja alibeba mkuki mkono wa kulia, na kushoto ngao ya mviringo, ya mbao, yenye upana unaokaribia mita moja. Tazama vizuri jinsi ngao hiyo ilivyoshikwa, maana neno zima limekaa hapo. Mkono wa kushoto ulipita kwenye ukanda uliokuwa katikati ya ngao mpaka karibu na kiwiko, na vidole vikakamata mshikio uliokuwa ukingoni. Ikishikwa hivyo, nusu ya ngao inamfunika mwenyewe, na nusu nyingine inachomoza kushoto kwake na kumkinga jirani ubavu wa kulia. Ubavu wako wa kulia, kwa hiyo, unalindwa na ngao ya mtu mwingine. Akikimbia yeye, umebaki wazi wewe.

Mwanahistoria Thucydides, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, anasema majeshi ya namna hiyo yanapotembea hupotoka kidogo kidogo kuelekea kulia, kwa sababu kila askari kwa woga anajisogeza kwenye ngao ya jirani yake wa kulia. Mimi maelezo hayo huyapenda kuliko sanamu zote za mashujaa. Yanakiri kwamba mshikamano ule ulikuwa na hofu ndani yake, na nadhani katibu yeyote aliyewahi kuzunguka fremu moja moja akiomba saini anaelewa Thucydides anasema nini.

Baadaye Philip wa Pili wa Makedonia, baba yake Alexander, alirefusha mikuki hadi mita tano na zaidi. Kwa mbele kikosi chake kilikuwa hakipitiki. Ubavuni na mgongoni kilikuwa dhaifu, na kwenye ardhi ya mabonde safu zilipasuka. Pale Pydna mwaka 168 KK zile safu zilipoanza kuachana, Warumi waliingia kwenye nyufa wakiwa na panga fupi, na ile mikuki mirefu ikageuka mzigo kwa waliokuwa wanaishika.

Ngao zile zimekwisha, lakini picha imebaki ndani ya neno: watu wengi, wamebanana, wanatazama upande mmoja, hakuna upenyo. Ndiyo maana Kiingereza hulitumia kwa makundi ambayo ukikutana nayo unajiuliza utapita wapi. “A phalanx of police”, kwa mfano, na hapo ukiwafikiria FFU, polisi wa kutuliza ghasia, waliojipanga barabarani na ngao zao utaona neno limerudi karibu kabisa na asili yake. “A phalanx of bodyguards”, “a phalanx of reporters”, na hao mawakili uliowasoma gazetini. Mara nyingi linafuatwa na “of” na nomino ya wingi, na mara nyingi kitenzi kinachokaa nalo ni cha kukabili au cha kujificha: mtu “faced a phalanx”, mwingine aliingia “behind a phalanx”. Linatumika pia kwa upinzani wa maneno tu, ambako hakuna mtu aliyesimama popote: “a phalanx of critics”.

Katika mifano yote hiyo, jiulize nani anasema. Ni mtu aliye nje ya kundi, analitazama kwa mbele. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalipofungwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja kuwasikiliza wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja. Mwandishi wa gazeti la Kiingereza aliyekaa karibu na meza kuu, akiutazama umati ule, angeweza kuandika kwamba serikali ilikabiliwa na phalanx ya wafanyabiashara, na wasomaji wake wangemwelewa. Mfanyabiashara aliyesimama katikati ya umati hajioni hivyo. Anachoona yeye ni kisogo cha aliye mbele yake, na anasikia harufu ya jasho la jirani. Akisema “sisi ni phalanx” atasikika kama mtu anayejipiga kifua. Halikatazwi, na mwanasiasa jukwaani anaweza kulitumia kwa watu wake akashangiliwa. Kwenye barua ya kuomba mazungumzo linagongana na ombi lenyewe: mkono mmoja mmeunyoosha kusalimia, mwingine umeshika mkuki.

Kuna jambo ambalo wakili hakuliandika, lakini sina shaka alilihesabu. Mko 34, saini ni 31. Kundi linalosifiwa kwa kukosa upenyo limetuma barua yenye mapengo matatu. Kama mngeandika kwa maneno ya kawaida, saini 31 kati ya 34 ni umoja mkubwa sana. Neno mlilolichagua ndilo lililoyafanya yale mapengo yaonekane.

Hata hivyo, dada, kwenye sentensi yako phalanx silo neno lililonitia wasiwasi zaidi. Ni yale mawili ya mwisho: “new rent”. Ukisema unaipinga “kodi mpya” umeshakubali kwamba ndiyo kodi iliyopo sasa, unachofanya ni kulalamika. Waandishi wa barua za namna hii husema “the proposed increase in rent”, yaani nyongeza iliyopendekezwa, ambayo bado haijakubaliwa na mtu. Hakuna uzito wowote wa msamiati hapo. “Proposed” ni neno la sekondari, kila mtu analijua, na lingewafanyia kazi kubwa kuliko phalanx kumi.

Ulitaka neno rasmi. Kwa barua yenu ningeandika: “We, the undersigned tenants, jointly object to the proposed increase in rent.” Sisi wapangaji tuliosaini hapa chini, kwa pamoja, tunapinga nyongeza iliyopendekezwa. “Undersigned” linawasema waliosaini tu, kwa hiyo hamdanganyi kuhusu wale watatu. “Object” ni kupinga kwa utaratibu, bila kupiga kelele. “Jointly” ndilo linalobeba umoja wenu, na linaubeba kimya kimya.

Lakini hapo kwenye “jointly” simama kidogo, kwa sababu kuna mtego. Kwenye mikataba utaona “jointly and severally”, na mtu anayependa maneno yaliyoshiba anaweza kuyabeba yote kwa kuwa yanasikika vizuri. Msifanye hivyo. Maneno hayo kisheria yana maana kwamba kila mmoja wenu anaweza kudaiwa deni lote peke yake. Mkiyasaini kwenye ahadi ya kulipa malimbikizo ya kodi, mwenye jengo ana haki ya kumwacha mpangaji aliyetoroka na kuja kwako wewe kudai la kwako na la kwake. “Jointly” peke yake kwenye barua ya kupinga, kama nilivyoiandika hapo juu, haina shida. Kwenye karatasi yoyote ya kuahidi fedha, wakili aione kwanza.

Maneno mengine utakutana nayo. “Unanimously” ni kwa kauli moja, na ni tamko linaloweza kukaguliwa: mliokuwepo kikaoni mlikubaliana wote, hakuna aliyekataa? Kama muhtasari wa kikao unaonyesha hivyo, lisemeni. Kama kuna aliyenung’unika akatoka, liacheni. “United front” magazeti yanalipenda, ila mara nyingi linakuja na kitenzi “present”, kuonyesha, na msomaji mwerevu anahisi kwamba nyuma ya hayo maonyesho kuna mabishano. Usilitumie kwa watu wako. “Coalition” ni makundi tofauti yaliyowekeana makubaliano, kama UKAWA ya mwaka 2014, ule muungano wa vyama vya upinzani, ambamo kila chama kilibaki na jina lake na katiba yake. Wapangaji wa jengo moja hamjafika huko. “Bloc” ni kundi linalopiga kura pamoja, la bungeni au la nchi na nchi. “Solidarity” ni mshikamano wa moyo, unaweza kuwa nao na watu ambao hata hupingi kitu pamoja nao. Lipo pia “concerted”, ambalo mimi nalipenda: “concerted opposition” ni upinzani uliopangwa kwa pamoja. Linafaa kwenye ripoti. Kwenye barua kwa mwenye jengo linaweza kusikika kama njama, kwa hiyo nalo livutie pumzi.

Matamshi kwa kifupi, maana unaweza kuliona tena ukalazimika kulisoma mbele ya watu. “Ph” ni f. Neno lina silabi mbili tu na mkazo uko ya kwanza: FA-lanks. Sisi tumezoea kumalizia neno kwa irabu na kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi unataka kusema fa-la-NKI-si, na Mwingereza anabaki anashangaa. Funga mdomo kwenye s, usiongeze i. Wamarekani husema FEI-lanks. Yote ni sahihi. Wakiwa makundi mengi ya watu ni phalanxes, na phalanges tuwaachie madaktari.

Nije kwenye Kiingereza kizito, maana kijana wa kijitabu anauza ndoto ambayo wengi tunayo. Kuna imani hapa mjini kwamba Kiingereza kizuri ni kile ambacho msikilizaji haelewi. Tumeirithi shuleni, na ofisi nyingi bado zinaitunza. Ukweli ni kwamba uzito wa maandishi ya Kiingereza unatokana zaidi na maneno ya kati. Mwaka 2000 mtaalamu wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Ni familia 570 tu za maneno (familia ni neno na ndugu zake, kama “indicate” na “indication”), mambo kama “indicate”, “proportion”, “contract”. Phalanx haimo. Paul Nation, wa huko huko, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili usome riwaya au gazeti la Kiingereza karibu bila kukwama, uelewe kama asilimia 98 ya maneno, unahitaji kuzijua familia 8,000 hadi 9,000. Namba inatisha, lakini soma vizuri: hizo ni za kuzitambua ukizisoma. Za kuandikia barua zinazoeleweka ni chache sana kuliko hizo.

Tofauti hiyo kati ya neno la kutambua na neno la kutumia ningetaka uishike. Phalanx kwako ni la kutambua. Umeshalijua, ukiliona gazetini litakupa raha, inatosha. Ya kutumia ni yale ya kazi yako: notice, arrears, deposit, renewal, increase, agreement. Hayo unayahitaji mwezi huu, na kijitabu cha maneno 1,000 ya kuwashangaza watu sidhani kama kinayo. Kwa hiyo usinunue. Hata angekupa bure ningekwambia usianze nacho, kwa sababu kinakupa neno na tafsiri yake, basi. Hakikuambii linakaa na maneno gani, linasemwa na nani, linasikika vipi. Wewe muuza vitenge hununui jora kwa kusomewa jina la rangi kwenye simu. Unataka kulifungua, ulishike, uone upana na upindo. Neno nalo lifunguliwe hivyo, ndani ya sentensi nzima, kabla hujalipeleka kwa mteja.

Kuhusu kusahau asubuhi, hilo si ugonjwa wala si uzee. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Akili yako inafanya kilichotarajiwa. Kinachoweza kubadilika ni unavyokariri. Najua wengi wetu tunavyofanya, tunalisoma neno mara ishirini usiku ule ule mpaka linajaa mdomoni. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyarudia kuyasoma, wengine wakafunika na kujaribu kuyaandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Hapo ndipo ulipo mtego wa usiku: kurudia kusoma kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inaondoka na usingizi.

Kwa hiyo chukua daftari dogo, lile la kuandikia wadaiwa linatosha. Upande wa kushoto andika hali kwa Kiswahili, mfano “mwenye jengo anataka kuongeza kodi, hatujakubali”. Kulia andika sentensi nzima ya Kiingereza. Kesho yake, mteja wa kwanza hajaja bado, funika upande wa kulia ujaribu kuisema. Ukikwama, usifunue haraka. Hangaika nayo kidogo, kule kuhangaika ndiko kunakojenga. Irudie baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Usichukue maneno kumi kwa siku. Mawili au matatu yanatosha kwa mtu mwenye duka, na siku ya mzigo kushuka usichukue hata moja.

Umri usikutishe. Lafudhi ndiyo inayobana mtu akikua. Msamiati unaendelea kuongezeka maisha yote kwa anayesoma, na mtu wa miaka 44 ana kitu ambacho binti yako hana: anajua mkataba ni nini, ameonja deni, amekaa kwenye vikao. Neno jipya likija linapata pa kukaa.

Herufi zinazocheza ni habari nyingine. Karibu na miaka 40 lenzi ya jicho huanza kupoteza uwezo wa kujikunja ili kuona vitu vya karibu, na mtu hujikuta anasogeza simu mbali, anatafuta taa, anaumwa kichwa akisoma usiku. Humpata karibu kila mtu, na dawa yake mara nyingi ni miwani ya kusomea. Nimefundisha watu wazima waliojiona wajinga wa Kiingereza kumbe hawaoni vizuri. Nenda ukapimwe macho kabla hujalipia kozi yoyote, na usichukue miwani ya kuokota kwa machinga bila kupimwa, maana macho mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana. Kama kuona kwako kumebadilika ghafla, au unaona miali ya mwanga au kiza upande mmoja, usingoje wiki iishe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kozi nayo haina ubaya, ikiwa shida ni kuongea. Daftari halitakusikia ukisema fa-la-NKI-si. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo hapa hapa Dar, nenda ukawaulize wana nini kwa sasa, na walimu wa jioni mjini ni wengi. Kabla ya kulipa, omba kukaa darasani kipindi kimoja, uhesabu nani anaongea zaidi. Kama mwalimu ndiye anayeongea dakika zote, weka hela yako. Kwa barua peke yake huhitaji kozi: andika kwanza kwa Kiswahili fupi, sentensi moja jambo moja, ndipo uhamie kwenye Kiingereza. Binti yako akusomee kwa sauti, na ukiona amejikwaa mahali, pafupishe.

Upande wa kodi wenyewe mimi siwezi kukusaidia kutoka hapa. Kupandishwa kwa kodi katikati ya mkataba na kupandishwa unapokwisha ni mambo mawili tofauti, na jibu liko kwenye vipengele mlivyosaini, hasa cha notisi na cha kuhuisha mkataba. Uliza pia kama mkataba wenu umetaja lugha ya mawasiliano, maana kutaka barua kwa Kiingereza ni jambo la kampuni, na huenda hamlazimiki. Migogoro ya pango ikishindikana mezani hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini kabla ya huko barua ya pili iandikwe au ipitiwe na wakili, mkichangiana watu 31 gharama haitamuumiza mtu. Nendeni watu wawili au watatu, mkiwa na mikataba, risiti za kodi za mwaka huu, barua zote mbili na muhtasari wa kikao. Wakili anayetoa ushauri kabla hajaomba kuuona mkataba, mshukuruni mtoke, mtafute mwingine.